Magurudumu Bora au Vifaa Bora? Namna ya Kuamua kwa Baiskeli ya Barabarani

Mwenye baiskeli ya barabarani akipata fedha kidogo za ziada hujiuliza swali moja: aziweke kwenye magurudumu, au kwenye vifaa, yaani gia, breki, mikono ya pedali, kaseti (rundo la sproketi, yaani magurudumu ya meno, la nyuma) na cheni? Majibu anayopewa huwa ya mkato, na mara nyingi hutegemea kile ambacho mjibuji mwenyewe amekinunua karibuni. Mwongozo huu unakwenda taratibu zaidi. Magurudumu na vifaa havifanyi kazi moja: magurudumu hubadilisha mwendo wa baiskeli, tena kwa kiasi kidogo kuliko matangazo yanavyodai, ilhali vifaa hubadilisha jinsi baiskeli inavyomtii anayeiendesha. Kwa hiyo kinachoamua ni mambo mawili: upungufu halisi unaouhisi ukiwa barabarani, na kama unanunua baiskeli nzima au unaboresha uliyo nayo.

Hatua ya kwanza: Itengeneze baiskeli iliyopo

Malalamiko mengi juu ya vifaa duni ni malalamiko juu ya vifaa vichafu. Waya wa gia ulioshika kutu ndani ya ala yake huvutika kwa shida, na gia hukawia kuingia na kukwaruza hata kama kihamisha cheni cha nyuma ni cha daraja la juu kabisa. Kabla ya kulinganisha bei yoyote, badilisha waya za gia pamoja na ala zake, safisha cheni, kisha umwombe fundi apime kipande kidogo cha fremu kinachoshikilia kihamisha cheni cha nyuma. Baiskeli ikianguka upande wa kulia mara moja tu, kipande hicho kinaweza kupinda kwa kiasi kisichoonekana kwa macho lakini kinachotosha kuvuruga mpangilio wa gia zote.

Pima cheni pia. Kama huna kipimo maalumu, rula inatosha: kwenye cheni mpya, kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini ya 24 inayoifuata ni milimita 304.8. Ukikuta milimita 306.3, cheni imerefuka kwa asilimia 0.5, na kwa mifumo ya gia 11 au 12 za nyuma wakati wa kuibadilisha umefika. Mifumo ya gia 8 hadi 10 huvumilia mpaka asilimia 0.75, yaani kama milimita 307.1. Cheni iliyoachwa ipite hapo hula meno ya kaseti, kisha ya sproketi za mbele, na mwenye baiskeli huanza kuamini kwamba anahitaji seti mpya nzima ilhali alichokihitaji miezi kadhaa iliyopita kilikuwa cheni moja.

Upande wa magurudumu, inua baiskeli, zungusha kila gurudumu na utazame nafasi iliyopo kati ya rimu na pedi ya breki. Kwa baiskeli ya breki za diski, egemeza kidole kwenye fremu na ukitumie kama alama. Gurudumu linaloyumba kwa milimita moja au mbili hunyooshwa kwa kukaza na kulegeza spoki, kazi ambayo fundi mzuri huimaliza kwa muda mfupi. Halafu shika rimu na uitikise kulia na kushoto: ikicheza, beringi za kitovu zimelegea au zimechakaa. Kwa breki za rimu kuna ukaguzi mmoja zaidi, nao si wa hiari. Weka ukingo wa rula juu ya ukuta wa rimu pale pedi zinapogusa. Ukiona ukuta umeliwa ukafanya bonde, au alama ya uchakavu iliyowekwa na kiwanda imetoweka, gurudumu hilo limemaliza kazi yake. Rimu iliyokonda inaweza kupasuka kwa shinikizo la tairi, na hapo hakuna tena suala la kuchagua: fedha zinakwenda kwenye magurudumu.

Endesha baiskeli iliyotengenezwa kwa wiki chache kabla ya kuendelea na hatua zinazofuata. Wapo watakaoishia hapa.

Hatua ya pili: Tofautisha kununua baiskeli nzima na kuboresha uliyo nayo

Jibu la swali letu hugeuka kabisa kati ya hali hizi mbili, na ushauri mwingi hupotosha kwa sababu mtoaji hakusema anazungumzia ipi.

Viwanda vya baiskeli hununua vifaa kwa wingi na kwa bei ambayo mnunuzi mmoja hawezi kuipata. Kwa sababu hiyo, tofauti ya bei kati ya baiskeli mbili zenye fremu ileile, moja ikiwa na vifaa vya daraja la chini na nyingine vya daraja linalofuata, kwa kawaida ni ndogo kuliko gharama ya kuvinunua vifaa hivyo baadaye kimoja kimoja na kumlipa fundi avifunge. Tena vifaa hufungamana. Ukiongeza idadi ya gia za nyuma utalazimika kubadilisha vishikio vya breki na gia, vihamisha cheni, kaseti na cheni, na mara nyingine sproketi za mbele pia. Gurudumu halina mafungamano ya namna hiyo. Unafungua ekseli, unalitoa, unaweka jingine, na siku utakapoiuza baiskeli unaweza kubaki na magurudumu yako.

Ndiyo maana kwa anayenunua baiskeli mpya msimamo wangu hauna utata: achague fremu inayomtosha kimwili, yenye gia na breki anazozihitaji, na ayakubali magurudumu mazito yanayokuja nayo. Baiskeli mpya yenye magurudumu ya kaboni na vifaa vya daraja la chini huvutia dukani, lakini mnunuzi wake atakuwa amepata mapema kile kilicho rahisi kukiongeza baadaye na kuahirisha kile kilicho kigumu.

Kwa anayeboresha, mpangilio hugeuka. Kubadilisha seti nzima ya vifaa kwenye fremu ya zamani ni nadra kulipa, na mara nyingi gharama yake hukaribia ya baiskeli nyingine iliyotumika yenye vifaa hivyohivyo. Magurudumu huja mbele, isipokuwa kama gia au breki zina upungufu mahususi wa aina itakayoelezwa katika hatua ya nne na ya tano.

Hatua ya tatu: Badilisha matairi kabla ya vyote viwili

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, nami ningeiweka juu ya nyingine zote kama si lazima ya kuanza na baiskeli iliyo nzima. Chukua mwendeshaji na baiskeli vyenye jumla ya kilo 80, wakienda kilomita 30 kwa saa kwenye barabara tambarare. Matairi magumu yenye mgawo wa ukinzani wa kuviringika wa 0.005 yatakula takriban wati 33 za nguvu zake; matairi laini ya mbio yenye mgawo wa 0.003 yatakula takriban wati 20. Wati 13 kwa mwendo huo ni nyingi kuliko zile ambazo magurudumu ya kawaida ya kuboreshea huweza kuokoa, na hakuna kihamisha cheni, hata kiwe cha bei gani, kinachozikaribia.

Upana nao una maana. Tairi la milimita 28 lenye upepo wa kiasi humeza mitikisiko ya lami iliyochakaa vizuri kuliko tairi la milimita 23 lililojazwa likawa gumu kama mti, na nguvu isiyopotea katika kumtikisa mwendeshaji hubaki kwenye mwendo. Pima kwanza nafasi iliyopo ndani ya fremu, uma (sehemu inayoshika gurudumu la mbele) na breki, kwa sababu baiskeli nyingi za zamani za breki za rimu hazipokei zaidi ya milimita 25. Mpira wa ndani wa lateksi pia huviringika kwa wepesi kuliko ule mweusi wa kawaida, ingawa lateksi hupoteza upepo haraka na hudai pampu kabla ya kila safari.

Iwapo matairi mapya yatakuridhisha, hukukosea njia. Umelipia sehemu ya gurudumu inayogusa ardhi, na matairi hayo yatahamia kwenye magurudumu mapya siku utakapoyanunua, mradi upana wa rimu uyakubali.

Hatua ya nne: Hesabu gia unazozihitaji

Magurudumu bora hayawezi kumpa mtu gia aliyoikosa. Anayepanda mlima kwa mapigo ya pedali ya polepole yenye kuumiza magoti hahitaji rimu nyepesi kwa gramu 300. Anahitaji kaseti yenye meno mengi zaidi. Hesabu yake ni rahisi, na inafaa kufanywa kwa kalamu kabla ya kwenda dukani. Gawanya meno ya sproketi ndogo ya mbele kwa meno ya sproketi kubwa ya nyuma, kisha zidisha kwa mzingo wa gurudumu, ambao kwa baiskeli ya barabarani ni kama mita 2.1. Sproketi ya mbele ya meno 34 pamoja na ya nyuma ya meno 28 hukusogeza kama mita 2.55 kwa kila mzunguko wa pedali. Ukiweka 34 kwa 34 unasogea mita 2.1. Mlimani, kwa mwendo wa kilomita 8 kwa saa, gia ya 34 kwa 28 hukulazimisha kuzungusha pedali mara 52 kwa dakika, na ya 34 kwa 34 mara 63 au 64. Atakayepanda kwa nusu saa ataiona tofauti hiyo kabla hajamaliza dakika tano.

Habari njema ni kwamba upungufu huu mara nyingi hauhitaji seti mpya. Kaseti na cheni ndefu zaidi hutosha iwapo kihamisha cheni cha nyuma kina mkono mrefu wa kutosha. Kama hakina, kibadilishwe hicho peke yake kwa kingine cha mfumo uleule. Angalia kikomo cha meno kilichotajwa na kiwanda, kwa kuwa mkono mfupi mara nyingi huishia kwenye meno 28 au 30, na kwenye mifumo mingi mkono wa kati hufika 34.

Swali jingine ni idadi ya gia. Kaseti ya gia 12 haina lazima ya kuwa na gia nyepesi kuliko ya gia 9. Kinachoongezeka ni ukaribu wa gia moja na nyingine. Ukaribu huo humsaidia anayekwenda na kundi kwa kasi iliyopangwa na wengine, ambaye hataki kuchagua kati ya gia iliyo nzito kidogo na nyingine iliyo nyepesi mno. Anayeendesha peke yake huusamehe upungufu huo kwa urahisi.

Hatua ya tano: Zipime breki bila huruma

Breki dhaifu ni sababu halali ya kuweka fedha kwenye vifaa hata kama magurudumu ni mazito kama mawe. Anza na kilicho rahisi: pedi mpya za ubora mzuri, waya mpya, na rimu au diski zilizosafishwa mafuta. Kama baada ya hayo bado unavuta kishikio mpaka karibu kiguse usukani, au mikono ya breki yenyewe inapinda unapoibana kwa nguvu, basi kifaa ndicho duni. Breki za rimu za daraja la kati, zenye egemeo mbili na mikono minene, hufungwa kwenye fremu ileile bila kubadilisha kitu kingine, na kwa fedha zilizotumika ni mojawapo ya maboresho ninayoyaheshimu zaidi. Tahadhari ndogo: vishikio vya miaka tofauti huvuta waya kwa urefu tofauti, hivyo muulize muuzaji kama breki mpya zinalingana na vishikio ulivyonavyo.

Breki za diski za waya zinaweza kuwa nzuri zikitunzwa, lakini za mafuta hudai nguvu ndogo ya vidole na hujirekebisha zenyewe pedi zinapoliwa. Kuhama kutoka waya hadi mafuta kunamaanisha kubadilisha vishikio pia, kwa hiyo gharama yake ni ya nusu seti. Kuhama kutoka breki za rimu hadi diski hakuwezekani kwa kawaida bila fremu nyingine, kwa sababu fremu na uma lazima viwe na mahali pa kuifunga breki hiyo.

Onyo moja linaunganisha breki na magurudumu. Rimu za kaboni zinazotumia breki za rimu zinahitaji pedi zake maalumu, husimamisha kwa udhaifu zaidi kwenye mvua kuliko za alumini, na kwenye mteremko mrefu joto la kubana mfululizo linaweza kulainisha gundi inayoshikilia nyuzi za kaboni. Mwenye fremu ya breki za rimu anayeishi kwenye milima na mvua atatumikiwa vizuri zaidi na rimu za alumini, hata kama mfuko wake unaziruhusu za kaboni.

Hatua ya sita: Soma ngazi za vifaa pasipo kulewa jina

Kampuni ya Shimano hupanga vifaa vyake vya barabarani kutoka Claris ya gia 8, Sora ya gia 9 na Tiagra ya gia 10, kisha 105, Ultegra na Dura-Ace. Mshindani wake, SRAM, ina Apex, Rival, Force na Red. Ngazi hizi hazipandi kwa hatua zilizo sawa. Kutoka Claris hadi 105 mtu huhisi mabadiliko mkononi: gia huingia kwa wepesi, breki ni imara, na vipuri vya idadi ya gia iliyo kwenye 105 vina machaguo mengi ya kaseti. Kutoka 105 hadi Ultegra tofauti hupungua, na kutoka Ultegra hadi Dura-Ace unalipia gramu kuliko kitu kingine chochote. Kwa asiyeshindana, naona ngazi ya 105 au Rival ndiyo mahali pa kusimama, na kila kinachozidi hapo kingefaa zaidi kikiwa ndani ya magurudumu.

Gia za umeme ziliwahi kuwa sababu ya kupanda ngazi, lakini Shimano iliposhusha mfumo wake wa Di2 hadi 105 mwaka 2022, sababu hiyo ilipungua nguvu. Mfumo wa umeme hubadilisha gia kwa usahihi uleule kila mara na hauna waya wa kuvutika au kushika kutu. Badala yake una betri ya kuchaji. Hauongezi kasi. Anayepata shida ya vidole au viganja atanufaika nao kuliko anayetafuta dakika.

Angalia pia seti iliyochanganywa. Ni desturi ya viwanda kuweka kihamisha cheni cha nyuma cha daraja la kujivunia, kwa kuwa ndicho macho huangukia kwanza, halafu kujaza breki, mikono ya pedali, kaseti na cheni za jina lisilojulikana. Soma orodha ya baiskeli kutoka chini kwenda juu: anza na breki, malizia na kihamisha cheni.

Na usilipie daraja la juu kwenye vile vinavyoliwa. Kaseti ya Dura-Ace ina sproketi za titani ambazo ni nyepesi, lakini hugharimu mara kadhaa ya kaseti ya 105 na haziishi muda mrefu zaidi. Kaseti na cheni za daraja la chini zenye idadi ileile ya gia hufanya kazi vizuri kabisa kwenye seti ya juu.

Hatua ya saba: Jua magurudumu yatakupa nini

Gurudumu huuzwa kwa sifa tatu, yaani wepesi, kukata upepo na uimara, na sifa hizi hupewa uzito kinyume cha zinavyostahili.

Wepesi ndio unaotajwa kwanza. Ni kweli kwamba gramu iliyo kwenye rimu huhesabika kama gramu mbili wakati wa kuongeza kasi, kwa sababu husukumwa mbele na huku ikizungushwa. Watu huukuza ukweli huu kupita kiasi. Gramu 300 zilizopunguzwa kwenye rimu ni sawa na gramu 600 wakati wa kuongeza kasi, na gramu 600 kati ya kilo 80 hazifiki asilimia 1. Mlimani, kwa mwendo usiobadilika, kuzunguka hakuna hesabu tena. Gramu ni gramu. Mtu wa kilo 80 pamoja na baiskeli, anayepanda kwa saa nzima, akipunguza nusu kilo ataokoa takriban sekunde 22. Sekunde hizo zina thamani kwa anayeshindania nafasi, na kwa wengine ni muda wa kufuta jasho. Hata hivyo sidharau hisia: baiskeli yenye magurudumu mepesi huitika upesi ukisimama juu ya pedali, na furaha hiyo ni sababu halali ya kununua, mradi mnunuzi ajue kwamba amenunua furaha.

Upepo ndio wenye uzito zaidi kwenye tambarare. Nguvu inayohitajika kuushinda hukua kwa mchemraba wa kasi, na kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa ndiyo hula sehemu kubwa kabisa ya jasho la mwendeshaji. Rimu yenye kina cha milimita 45 au 50 hukata hewa vizuri kuliko rimu fupi ya mraba. Lakini mchemraba huohuo hufanya kazi pia kwa kurudi nyuma: rimu inayookoa wati 12 kwa kilomita 40 kwa saa itaokoa takriban wati 3 tu kwa kilomita 25. Anayetembea kwa kasi hiyo ya pili atapata faida kubwa zaidi kwa kukunja viwiko na kushusha mabega, kwa kuwa mwili wa mwendeshaji ndio unaozuia hewa zaidi ya kitu kingine chochote kwenye baiskeli. Rimu ndefu pia husukumwa na upepo wa ubavuni, hasa gurudumu la mbele na hasa kwa mtu mwepesi. Kina cha milimita 35 hadi 50 ni wastani ambao wengi huweza kuumudu. Tangu mwaka 2000 kanuni za UCI, chama cha kimataifa cha mbio za baiskeli, haziruhusu baiskeli iliyo chini ya kilo 6.8 katika mbio za barabarani, na hiyo ni sababu mojawapo ya wanaoshindana kupenda rimu ndefu: wakishafika kikomo cha uzito, kupunguza gramu zaidi hakuna faida, lakini kukata upepo hakuna kikomo cha namna hiyo kwenye mizani.

Uimara hutajwa mwisho katika matangazo, na mimi ningeuweka mwanzo. Magurudumu yanayokuja na baiskeli za bei ya chini kwa kawaida huzidi gramu 1,900 kwa jozi, lakini tatizo lake kubwa ni kufungwa kwa mashine kwa haraka, spoki zikiwa na mkazo usiolingana, na vitovu vyenye vizuizi hafifu vya maji. Jozi ya alumini ya gramu 1,500 hadi 1,650, iliyofungwa kwa mkono na fundi stadi, yenye spoki zilizokondeshwa katikati na vitovu ambavyo beringi zake hupatikana madukani, itadumu miaka mingi na itatengenezeka. Mwendeshaji mzito, au anayebeba mizigo, achague spoki 28 hadi 32 kwa gurudumu la nyuma na asome kikomo cha uzito kilichowekwa na kiwanda. Usihukumu kitovu kwa kulizungusha gurudumu hewani dukani: halijabeba mtu, na muda wa kuzunguka kwake hutegemea zaidi grisi na mipira ya kuzuia vumbi kuliko ubora wa beringi.

Ukiweka pamoja yote haya, anayekwenda na kundi kwa zaidi ya kilomita 33 kwa saa, mwenye gia zinazomtosha na breki zinazosimamisha, atanufaika na magurudumu kuliko vifaa. Anayekwenda polepole zaidi kwenye milima anufaike kwanza na kaseti. Wa katikati, ambaye ndiye wengi wetu, anunue matairi na jozi imara ya alumini, na vifaa avibadilishe kimoja kimoja kila kinapochakaa.

Hatua ya nane: Hakikisha vitaingiliana

Kagua mambo yafuatayo kabla ya kulipa, kwa sababu gurudumu zuri lisiloingia kwenye fremu ni pambo.

Ekseli: fremu za breki za rimu kwa kawaida hupokea kitovu cha milimita 100 mbele na 130 nyuma, chenye kufuli ya haraka, fremu mpya za diski hutumia ekseli ya kupenyeza ya milimita 12, kwa upana wa 100 mbele na 142 nyuma. Diski nazo hufungwa ama kwa skrubu sita ama kwa meno ya katikati.

Mwili wa friwili, pale kaseti inapoingia: ule wa Shimano wa gia 11 ni mrefu kwa milimita 1.85 kuliko wa gia 8 hadi 10. Kaseti ya zamani huingia kwenye mwili mpya kwa kuongezewa ringi ya unene huo, lakini kaseti ya gia 11 ya barabarani kwa kawaida haiingii kwenye mwili wa zamani. Kaseti za SRAM za gia 12 za barabarani zenye sproketi ya meno 10 hudai mwili wa aina nyingine, uitwao XDR. Hapa ndipo maboresho ya magurudumu na ya vifaa hukutana: ukinunua magurudumu leo ukijua kwamba kesho utaongeza gia, chagua kitovu ambacho mwili wake unabadilishika.

Vihamisha cheni na vishikio: usichanganye kwa kutazama idadi ya gia peke yake. Tiagra 4700 ni ya gia 10, lakini hairandani na vifaa vya gia 10 vya Shimano vilivyoitangulia, kwa sababu urefu wa waya unaovutwa kwa kila gia ulibadilishwa.

Rimu na tairi: rimu zisizo na kulabu ya kushika tairi zina kikomo cha shinikizo cha bar 5, na hupokea tu matairi yaliyoidhinishwa kwa ajili yake, tena yasiyo membamba. Anayependa kujaza upepo hadi bar 7 asizinunue kabisa.

Hatua ya tisa: Funga, rekebisha, kisha rudi kukagua

Magurudumu mapya yakishafungwa, kaseti inaweza kukaa sehemu ya milimita kando ya ilipokuwa, kwa hiyo rekebisha skrubu za kikomo za kihamisha cheni cha nyuma kabla ya safari ya kwanza. Skrubu ya ndani isipokuwa sawa, cheni inaweza kuruka na kuingia kwenye spoki. Weka upya pedi za breki za rimu, kwa kuwa upana wa rimu umebadilika, au ipange upya breki ya diski ili isikwaruze. Baada ya kilomita mia chache kagua mkazo wa spoki kwa kuzibinya mbili mbili kwa vidole, na umpelekee fundi gurudumu lolote lililoanza kuyumba.

Magurudumu ya zamani usiyauze kwa bei ya kutupa. Yawekee kaseti yenye idadi na ukubwa uleule wa meno, uyatumie siku za mvua na za mazoezi ya ndani, na kama mapya ni ya kaboni yenye breki za rimu, kumbuka kubadilisha pedi kila unapobadilisha jozi, kwa sababu vipande vya alumini vilivyokwama kwenye pedi huchuna kaboni.